Fizikia ya Mwalimu Asteria

Kishapu kuna watu wakitaka kujua ya mbele huenda kwa mganga, na hilo ni lao. Lakini ukitaka kujua mwanao atapata nini kidato cha nne, unakwenda kwa Mwalimu Asteria. Unamkuta nyumbani kwake, nyuma ya mashine ya kusaga ya mumewe. Unapewa kiti na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna, halafu unamtajia alama alizopata mtoto kwenye mtihani wa kidato cha pili. Kalamu hachukui. Anafumba macho, anazisikiliza moja moja, kisha anakujibu somo kwa somo. Miaka miwili baadaye, matokeo yakitoka, unabaki umeshika kiuno kwa jinsi alivyopatia.

Wala si uchawi. Mwanamke huyu amevuka arobaini, anafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya kata iliyojificha huko ndani, mbali na mji wa Mhunze, na kwa miaka mingi amekuwa mwalimu wa taaluma. Yeye ndiye anayepanga vipindi na mitihani, na yeye ndiye anayezipokea alama za kila mtoto zinapokuja. Ameona watoto wengi wakiingia na wengi wakitoka, ndiyo maana anajua. C ya Kiswahili ya kidato cha pili haina matata, itabaki C au itapanda B. Historia na Uraia ni masomo yenye huruma, mtoto aliyeanguka akikubali kukesha na madaftari anainuka. Hisabati, jamani, Hisabati haina ndugu. Kwa kuwa ni somo la lazima, kila mtoto analifanya mpaka mwisho, na Asteria ameona kwa macho yake kwamba aliyepata F kidato cha pili anaikuta F ile ile ikimngoja kidato cha nne.

Wapo wazazi wanaokuja wakijivunia A ya Hisabati ya darasa la saba. Hao huwaambia taratibu, asije akawakata maini. Darasa la saba mtoto aliulizwa kwa Kiswahili, na hata hicho Kiswahili alikikuta shuleni, maana nyumbani ni Kisukuma asubuhi mpaka jioni. Sekondari anaulizwa kwa Kiingereza. Akili haijapotea, anasema, ila mlango wa kuingilia umebadilishwa, na mtoto bado anapapasa ukuta.

Na Fizikia? Hapo Asteria hakuwa hata na haja ya kufumba macho. F ya Fizikia haidanganyi, alisema, na neno hilo likishatoka lilikuwa limetoka.

Kila Januari, matokeo ya kidato cha pili yakishatangazwa, aliwasimamisha mstarini wale wanaoingia kidato cha tatu na kuwagawa. Sayansi kulia, sanaa kushoto. Maabara ilikuwa moja, mwalimu wa Fizikia mmoja, na vifaa vya kugombania. Kwa hiyo mwenye F ya Fizikia hakuulizwa anataka nini maishani. Alikwenda kushoto, akaagana na Fizikia na Kemia siku hiyo hiyo, na Asteria akaita jina linalofuata.

Sasa ngoja nikwambie alikotoka, maana hakuzaliwa na chaki mkononi. Asteria ni mtoto wa Masumbwe, binti wa mkulima wa mpunga. Alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa akimchukua kliniki kumsaidia kumbeba mdogo wake. Kulikuwa na nesi pale akiitwa Philomena, mwanamke mnene wa sauti ndogo, aliyewapanga kina mama na watoto wao bila kumfokea mtu. Siku moja watoto walizidi na mikono ikapungua, nesi akamwita Asteria amsaidie kuwaning'iniza wachanga kwenye mizani. Alimfundisha namna ya kushika shingo ya mtoto, namna ya kumwingiza miguu kwenye ile kaptura ya mizani, na namna ya kumwachia polepole asishtuke. Asteria alirudi nyumbani akiwa nesi tayari, kilichobaki ni kukua tu. Hakuwahi kutamani kitu kingine tena, na watu wa kwao wakaanza kumwita Nesi.

Alisoma kwa bidii, tusimsingizie. Mtihani wa kidato cha pili alipata B ya Baiolojia, C ya Kemia, na F ya Fizikia. Chuo cha uuguzi walitaka ufaulu wa masomo yote matatu. Hawakutaka makuu, hata D ilitosha, ila iwepo. Mwalimu wa taaluma wakati huo alikuwa Mwalimu Deusdedit, mtu mpole, msafi, asiye na kinyongo na mtoto yeyote. Asteria alikuwa amekwisha kusimama upande wa kulia pamoja na wenzake. Mwalimu Deusdedit alimtazama, akasema bila kupandisha sauti:

"Asteria, kushoto. F ya Fizikia haijawahi kunidanganya."

Akaenda kushoto. Kutoka hapo mambo yalikwenda vizuri sana, ndiyo maana hata kulalamika aliona aibu. Alifaulu sanaa, akaenda kidato cha tano, akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa Kishapu, akaolewa na Mayala mwenye mashine ya kusaga, akazaa. Kazi yake aliipenda na watoto wa watu walimpenda. Lakini kila alipokwenda Shinyanga mjini kwa shughuli za shule, akakutana na wanafunzi wa uuguzi wakitoka zamu na sare zao, alipunguza mwendo. Aliwatazama viatu, alitazama namna walivyobana nywele, na alijikuta akiwasikiliza wanachoongea, ambacho mara nyingi kilikuwa chakula na wanaume.

Kliniki ndiko alikoumia zaidi. Kila alipompeleka mwanawe mwenyewe kupimwa uzito, mikono ilimwasha, akaishia kusaidia kuwaning'iniza watoto wa wenzake mpaka manesi wakamzoea. Walimsifu. Walimwambia wewe mwalimu ungekuwa nesi, kwa nia njema kabisa, na yeye alicheka nao. Akifika nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni, hata Mayala akimsemesha hasikii. Alitamani. Hakuna neno jingine la kulipamba hilo. Alitamani maisha ya yule binti aliyebaki upande wa kulia.

Basi, Januari moja, si ya zamani sana, matokeo yakatoka, na katikati yake kulikuwa na msichana anaitwa Salome. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia F. Asteria alizisoma alama zile akahisi mtu amemshika bega kwa nyuma. Hata hivyo mazoea yana nguvu. Siku ya mstari alimtuma kushoto kama wengine, na mtoto akaenda.

Mchana Salome akamfuata ofisini. Ni binti mrefu, mkimya, wa nyumba ya wakulima wa pamba, si wa kubishana na wakubwa. Alisema anataka kuendelea na sayansi kwa sababu anataka kuwa nesi. Asteria akamwambia lile lile aliloambiwa yeye Masumbwe, kwa maneno yale yale, tena kwa upole ule ule. Salome akatikisa kichwa kukubali. Akageuka kuondoka, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Wale wenye F walioachwa wakaendelea na Fizikia, kidato cha nne walipata nini?"

Asteria alifungua mdomo kumjibu, maana yeye hakosi jibu la alama. Akafumba macho kama kawaida yake, akaanza kutafuta. Wa Hisabati walikuja wengi, na F zao mbili mbili. Wa Fizikia hakuja hata mmoja. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka mwaka alioanza kazi, hakuna. Hakuna mwenye F aliyewahi kuachwa aendelee. Wote aliwatuma kushoto yeye mwenyewe, na kabla yake Mwalimu Deusdedit aliwatuma wa kwake. F ya Fizikia haikuwahi kumdanganya kwa sababu haikuwahi kuulizwa.

Loo! Alikaa pale mpaka kengele ya mwisho. Alichokuwa akikiona si Salome tena. Alikuwa akimwona msichana wa Masumbwe akivuka kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alijiuliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu kujiuliza, kwamba kama angeachwa, angepata nini.

Siku ya pili alimrudisha Salome sayansi. Mkuu wa shule alinung'unika kuhusu vifaa, akanyamaza, maana mwalimu wa taaluma ndiye yeye. Halafu Asteria akafanya jambo lililowaacha walimu wenzake midomo wazi. Alikwenda kwa Mwalimu Nasibu, kijana wa Tanga anayefundisha Fizikia, akamwomba benchi la nyuma. Alimwambia atakuwa anaingia darasani kwake kila asipokuwa na kipindi, na mwaka ambao Salome atafanya mtihani wa kidato cha nne, na yeye ataufanya wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasibu alidhani anataniwa.

Wanafunzi walicheka wiki nzima kumwona mwalimu wao wa Historia amejibana nyuma na rula. Ofisini wakampachika jina la Fomu Sri, na kila kengele ya Fizikia ilipolia, mmoja alimkumbusha asichelewe, mwalimu wa zamu anashika fimbo. Nyumbani Mayala alimwuliza mbele ya wageni kama kazi za nyumbani amemaliza. Asteria alivumilia yote. Wao waliona kituko cha mama mtu mzima, na hakuna aliyejua kwamba yule mama alikuwa akihukumiwa upya.

Na somo lenyewe lilikuwa gumu, lisikudanganye. Yale ya mwanga yalimwingia, ya umeme yakamkimbia. Alifanya mazoezi ya kani na mwendo mpaka akaota anasukuma magari. Salome alikuwa mbele yake kwa benchi mbili, na wakati mwingine baada ya masomo walikaa pamoja kurudia, mwalimu na mwanafunzi wakiwa wamekwama mahali pamoja, wakichekana. Zipo siku Asteria alifunga kitabu akajiambia Deusdedit alikuwa na haki, na cha ajabu, siku hizo alilala usingizi mzuri. Maana fikiria mwenyewe. Akipata F, hadithi imekwisha. Atajua kwamba hakupoteza kitu, kwamba ule upande wa kulia haukuwa wake tangu mwanzo, na moyo utatulia. Alianza kuiombea F yake kimya kimya, huku mkono wake ukiendelea kufanya mazoezi kwa bidii ile ile. Alitaka kufeli kwa haki.

Novemba ikafika. Kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea alikutana na vijana wanaorudia mtihani, wawili wao aliwafundisha, mmoja amerudi kutoka machimbo ya Geita na vumbi bado liko kwenye kucha. Wakamwamkia, wakamwuliza kama amekuja kusimamia. Akawaambia amekuja kufanya. Walitazamana, wakampisha kwa heshima kama mtu aliyefiwa. Alifanya mtihani wake, alichokijua alikiandika, asichokijua alikiacha, akarudi nyumbani akasubiri.

Matokeo yalitoka Januari, siku ya jua kali. Mayala ndiye aliyeyafungua kwenye simu, pale pale mashineni, unga umemjaa nyusi. Akapiga kelele watu wakageuka. Mke wake amepata D.

D! Alama ambayo watoto wa mjini huificha. Mayala alimkumbatia akampaka unga, akawatangazia wateja, akasema mwakani ni Kemia, halafu chuo. Asteria alitabasamu, akamwambia akimaliza hicho chuo itakuwa zamu ya kuandaa sherehe ya kustaafu. Kemia hakuhitaji kuifanya ili ajue, kwa C ile ya kidato cha pili angeipata. Akaingia ndani, akafunga mlango. Kama aliweza sasa, na umri huu, na watoto, na vipindi vya kufundisha, akijibana benchi la nyuma, basi kule Masumbwe akiwa binti mwenye akili mbichi angeweza mara mbili. Ile D ilikuwa yake siku zote. Ilimngoja upande wa kulia, naye akatumwa kushoto.

Akatafuta namba ya Mwalimu Deusdedit. Aliipata kwa watu wa nyumbani, wakamwambia mzee sasa anaishi kwa mwanawe Geita, Kalangalala. Alipopokea, Asteria alimwamkia, akajitaja, akamkumbusha shule na mwaka, na kwamba ndiye aliyemtuma sanaa kwa sababu ya F ya Fizikia. Mzee akatafuta kichwani. Kisha akasema kwa adabu, niliwatuma wengi, mwanangu, sura zimenitoka. Akamwuliza sasa yuko wapi, anafanya nini. Asteria akamwambia ni mwalimu, tena wa taaluma.

"Basi unaona," mzee akafurahi kabisa, sauti ikachangamka. "Nilikupanga vizuri."

Asteria akamshukuru, akamtakia afya njema. Ile D hakumwambia. Alikuwa amemchukua mtu huyu rohoni miaka yote hii kama hakimu wake, kumbe hakimu hakumbuki kesi. Akaanza na yeye kuwakumbuka wa kwake, aliowatuma kushoto. Alama zao zote zilimjia, nyuso zikagoma.

Salome hakuwa na haja ya kumtafuta kichwani, matokeo yake yalikuwa yametoka pamoja na ya wengine. Baiolojia B, Kemia C, kama Asteria alivyotabiri. Fizikia F. Kesho yake mwalimu alichukua baiskeli akaenda kwao kumpa pole, akipanga maneno njia nzima. Alijilaumu kwamba amempotezea mtoto miaka miwili ambayo angeivuna kwenye sanaa. Alimkuta shambani wakipalilia pamba, yeye na mama yake, Mama Salome, ambaye alikuwa mbali, upande wa pili wa shamba.

Salome alikuja mbio na jembe mkononi, akamwamkia. Asteria alianza zile pole zake, binti akamkatiza kwa heshima.

"Mwalimu, usinihurumie. Nimejaribu Fizikia kwa mikono yangu mwenyewe, imenikataa. Siiwazi tena. Naenda kusomea mifugo."

Alisema bila kununa, na Asteria alipomchunguza usoni aliona kweli. Msichana amelala vizuri. Alikuwa na F yake na moyo wake umetulia, ndiyo hasa ile F ambayo Asteria aliiombea ya kwake akanyimwa. Amesimama mbele yake mtoto asiye na kitu cha kutamani kutoka nyuma, na ng'ombe wote wa Kishapu wako mbele yake.

"Na wewe, mwalimu, umepata nini?" Salome akauliza.

"D."

Salome aliangusha jembe akamrukia shingoni, mikono imejaa udongo, akicheka na kurudia ile herufi. Hapo ndipo Asteria alipovunjika. Alijikaza tangu jana mbele ya mume, mbele ya wateja, mbele ya simu ya mzee, na sasa ikashindikana. Alilia kwa sauti, katikati ya pamba ya watu, machozi ya msichana wa kidato cha pili ambaye siku ile mstarini hakulia.

Mama Salome aliona kutoka kule aliko. Alikuja haraka akikanyaga mimea yake mwenyewe, akidhani mwalimu wa watu analilia kufeli kwa mtoto wake, na jambo hilo likamgusa mno. Alifungua kanga yake moja kiunoni, akamfuta mwalimu uso kama anavyofutwa mtoto. Salome alitaka kusema kitu, akamtazama mwalimu wake, akainama kuokota jembe.

"Polaga, mayu," Mama Salome akampa pole kwa Kisukuma, akimpigapiga mgongoni. "Usijiumize hivyo. Mtoto ni mzima, na lile ni somo moja tu."

Asteria akaitikia kwa kichwa, akasema asante, Mama Salome, na akaendelea kulia.